Itaendelea au ianze upya? Njia nne za kufufua hadithi ya midoli

Hadithi ya Bionicle, midoli ya LEGO, ilianza mwaka 2001. Midoli ilipokoma mwaka 2010, maandishi yaliendelea kutoka mtandaoni kwa muda, kisha mwaka 2011 yakakatika. Simulizi tatu, The Powers That Be, The Yesterday Quest na Sahmad's Tale, ziliachwa katikati: mauaji bila muuaji kukamatwa, safari bila kufika. Tangu hapo mashabiki wamegawanyika. Wapo wanaotaka imaliziwe, wapo wanaotaka ianzwe upya, na wapo wanaosema wenyewe wakabidhiwe kalamu.

Ubishi huu huendeshwa zaidi kwa mapenzi, ilhali mifano ipo tele. Hadithi nyingine za midoli, G.I. Joe na Transformers za Hasbro na Masters of the Universe ya Mattel, zimeshapita njia zote hizi na matokeo yako wazi. Ulinganisho huu unamlenga shabiki anayetaka kujua aunge mkono lipi, na kikundi kinachofikiria kuandika chenyewe. Msimamo wetu tuutaje mapema: Bionicle ya zamani imaliziwe kwa maandishi matupu, na midoli mipya, ikija, ipewe mkondo wake mpya. Majaribio mengi yaliyoharibika yaliharibika kwa kutaka hadithi moja ifanye kazi zote mbili.

| | Kuendelea ilipoishia | Kuanza upya | Kuunganisha mikondo | Mashabiki kujiandikia |
|---|---|---|---|---|
| Mfano | G.I. Joe, toleo la 155½ (2010) | Bionicle (2015) | Masters of the Universe Classics (2008) | Mashindano ya mwonekano wa wahusika wa Bionicle |
| Inamfaa nani | Msomaji wa zamani | Mtoto anayenunua mdoli wa kwanza | Mkusanyaji | Mwenye muda kuliko fedha |
| Inahitaji nini | Leseni na mwandishi wa awali | Mdoli mpya na hadithi nzito | Mhariri mmoja mkali | Ngazi ya vyanzo, utii wa masharti |
| Hukwama wapi | Umri wa wahusika, mlango mgumu kwa wageni | Majina ya zamani yasiyo na kitu ndani | Migongano | Kuzuiwa na mwenye chapa |

Kuendelea palepale ilipoishia

Mfano ulio wazi kuliko yote ni G.I. Joe: A Real American Hero. Marvel ilichapisha matoleo 155 ya kitabu hicho cha katuni kati ya 1982 na 1994, karibu yote yakiandikwa na Larry Hama. Mwaka 2001 mchapishaji mwingine, Devil's Due, alipata leseni ikaendeleza hadithi kwa kalamu za watu wengine hadi 2008. Mwaka 2010 IDW ikamrudisha Hama mwenyewe, ikatoa toleo la 155½, kisha 156, kana kwamba kazi ya Devil's Due haikuwahi kuandikwa. Hama akafika toleo la 300 mwaka 2022, na mwaka uliofuata Skybound ikapokea kijiti kwa toleo la 301.

Tazama kilichotokea hapo katikati. Miaka saba ya hadithi yenye leseni kamili, iliyolipiwa na kuidhinishwa na Hasbro, iliwekwa kando kwa uamuzi mmoja wa uhariri. Mwenye chapa anaweza kukupa ruhusa ya kuandika, lakini hawezi kumlazimisha msomaji akuamini. Imani hiyo humfuata mwandishi wa awali. Ndiyo maana swali la kwanza kwa anayetaka mwendelezo halihusu leseni. Linahusu kama mwandishi yule bado yupo na yuko tayari. Kwa Bionicle mtu huyo ni Greg Farshtey, aliyeandika vitabu vya katuni, sehemu kubwa ya riwaya, na hizo simulizi tatu. Wanaodai mwendelezo kwa kalamu nyingine yoyote wajiandae kwa yaliyoipata Devil's Due.

Tatizo la pili ni umri. Katika hadithi ya Hama, Snake Eyes, Stalker na Storm Shadow walipigana pamoja Vietnam. Vita hiyo ilikwisha 1975. Ukiihesabu miaka sawasawa, toleo la 155½ lilipotoka walikuwa wanakaribia sitini na bado wanaruka kuta. Hama alichagua kutohesabu. Simon Furman, alipoirudia Transformers ya Marvel, alihesabu. Kitabu hicho kilikuwa kimefungwa mwaka 1991 kwa toleo la 80, ambalo jalada lake lilitania kuwa ni la 80 katika mfululizo wa matoleo manne, maana ndivyo ulivyotangazwa mwanzoni. Mwaka 2012 Furman akaanza Transformers: ReGeneration One miaka 21 baadaye ndani ya hadithi yenyewe, akamaliza kwa toleo la 100 mwaka 2014.

Furman aliweza kuhesabu kwa sababu roboti hawazeeki kama watu. Bionicle ina bahati hiyohiyo: wahusika wake ni nusu mashine na wanaishi maelfu ya miaka. Pengo la tangu 2011 linaweza kuachwa tupu au kujazwa na lisimkere mtu. Ni hoja yenye uzito kwa wanaotaka mwendelezo, na ni ajabu jinsi isivyotajwa.

Furman alifanya mambo mengine mawili yanayofaa kuigwa. Kwanza, aliweka kikomo tangu mwanzo: toleo la 100, basi. Pili, aliacha nje hadithi ya Generation 2 ya mwaka 1993 na 1994, ambayo aliiandika yeye mwenyewe. Mwendelezo mzuri huanza kwa kutangaza unaendelea kutoka wapi hasa. Usipotaja mahali pa kukatia, kila msomaji atakata pake, na ugomvi utaanza kabla ya sura ya pili.

Sasa tuziweke mezani kazi zinazosubiri katika Bionicle. Velika, Mmatoran (mkazi wa kawaida wa ulimwengu huo) aliyekuwa akionekana mcheshi wa kando, amefichuliwa kuwa mmoja wa Great Beings walioumba ulimwengu ule. Marendar, silaha iliyoundwa kuwamaliza Toa, yaani mashujaa wa hadithi, iko huru. Nyota Nyekundu, ambako wafu walikuwa wakihuishwa, imeharibika na haiwezi kuwarudisha chini. Annona, kiumbe anayekula ndoto, amejitokeza kwenye simulizi ya Sahmad. Ukiongeza safari ya kuwatafuta Great Beings wenyewe, unapata mafundo makuu matano, na matatu kati yake yanaelekea kwa watu walewale. Mafundo hayo yanaingia katika vitabu viwili. Anayesema hadithi hii inahitaji miaka kumi mingine anadai kitu tofauti na kumaliziwa.

Kinachotisha zaidi ni majibu. Kwa miaka mingi mashabiki walimuuliza Farshtey maswali moja kwa moja, naye akajibu kwa moyo mkunjufu. Mengi yalikuwa ya ndiyo au hapana, na kila "ndiyo" ikanukuliwa kuwa hadithi rasmi. Mfano unaozua ubishi mpaka leo ni kauli kwamba hakuna mapenzi ya kimahaba miongoni mwa Matoran. Kwa hadithi ya watoto, kauli hiyo ilimwondolea mwandishi mzigo. Kwa anayetaka kuandika riwaya ya watu wazima leo, ni ukuta. Jibu la sentensi moja lililotolewa kumridhisha muulizaji halipaswi kuwa na nguvu sawa na sura iliyoandikwa, ikahaririwa na kuchapishwa.

Njia hii pia humpokea mgeni kwa ukali. Bionicle ilisambazwa kwenye vitabu vya katuni, riwaya za Scholastic, filamu nne, mchezo wa mtandaoni wa 2001 na tovuti ambayo LEGO ilishaiondoa hewani. Aliyezaliwa 2005 hana pa kuanzia. Mwandishi wa mwendelezo aandike sura ya kwanza inayohitaji mambo matano tu kueleweka: ulimwengu wa zamani ulikuwa ndani ya roboti mkubwa, roboti ameanguka, adui mkuu amekufa, wakazi wamehamia sayari mpya, na kuna anayewaua mmoja mmoja. Mengine yaje yakihitajika.

Kuanza upya

LEGO ilijaribu njia hii mwaka 2015. Toa sita walirudi na majina yao: Tahu, Kopaka, Gali, Onua, Pohatu na Lewa. Kisiwa kikawa Okoto, na msingi ukawa ugomvi wa ndugu wawili wachonga vinyago, Ekimu na Makuta. Mwaka 2016 ikafungwa.

Midoli haikuwa mibaya. Viungo vyake vilikuwa imara kuliko vile vya 2007 na 2008, ambavyo kila mkusanyaji anajua vinavyopasuka, hasa vya kijani cha ndimu. Hadithi ndiyo iliyokuwa nyembamba: video fupi za mtandaoni, vitabu vichache, na sehemu nne kwenye Netflix. Mtoto aliyempenda Tahu wa 2002 alikuwa na kitabu cha katuni, mchezo wa kompyuta na baadaye riwaya na filamu za kumsogeza mbele. Aliyempenda Tahu wa 2015 alifika mwisho wa hadithi jioni moja.

Kutumia majina yaleyale kuliongeza chumvi kwenye kidonda. Jina Makuta, la adui mkuu wa hadithi ya zamani, lilibeba miaka kumi ya hila na usaliti. Kulikabidhi kwa fundi mwenye wivu kulimfanya msomaji wa zamani alinganishe kila ukurasa. Ukianza upya na majina ya zamani, unalipa deni la uzito wa zamani. Kama huna uzito huo, buni majina mapya.

Skybound ilionyesha mwaka 2023 kwamba majina ya zamani yanawezekana ukiwa na uzito. Transformers yake iliandikwa na kuchorwa mwanzoni na mtu mmoja, Daniel Warren Johnson. Optimus Prime alikuwa yuleyule wa kila mtu, lakini matokeo ya kila pigano yaliendelea kuuma matoleo yaliyofuata. Kubwa zaidi: Skybound ilianzisha G.I. Joe mpya ndani ya ulimwengu huohuo huku ikiendelea kuchapisha ya Hama kuanzia 301. Mchapishaji mmoja, mikondo miwili, kila msomaji na rafu yake.

Mattel ilifanya jambo linalofanana mwaka 2021, kwa ushindi nusu. Netflix ilipokea mwendelezo kwa watu wazima, Masters of the Universe: Revelation, uliotangazwa kuwa unaendeleza tamthilia ya katuni ya 1983, na miezi michache baadaye toleo jipya la watoto. Mgawanyo ulikuwa sahihi. Kilichowasha moto ni kwamba katika Revelation, He-Man, shujaa mkuu, anauawa sehemu ya kwanza na mwenzake Teela anashika usukani. Ukiitazama kama hadithi, ni uamuzi unaoweza kutetewa. Lakini ukishatangaza "mwendelezo", umeahidi pia nani atakuwa katikati. Kama mhusika mkuu atakaa kando, tangazo liseme hivyo, au jina la kazi liseme.

Kuunganisha mikondo yote kuwa mmoja

Hii ndiyo njia inayovutia kwenye karatasi na kuchosha kwenye utekelezaji. Masters of the Universe Classics, iliyoanza 2008, ilijaribu kuoanisha matoleo yote kupitia wasifu mfupi nyuma ya kila kifungashio. Kazi ilikuwa ngumu tangu mzizi: vitabu vidogo vya 1982 vilivyofungashwa na midoli vilimwonyesha He-Man kama shujaa wa porini asiye na utambulisho wa pili wa mwanamfalme, Prince Adam, wakati tamthilia ya 1983 inasimama juu ya Adam. Huwezi kuyaweka yote mawili pasipo kulipinda moja. Wasifu hizo zikaanza kuwapa wahusika majina halisi, Fisto akawa Malcolm, na mashabiki wengi hawajaacha kucheka.

Hasbro nayo ilijaribu mwaka 2010 kuufanya mchezo wa kompyuta, riwaya na tamthilia za Transformers zifuate mwongozo mmoja wa ndani. Timu tofauti zilikuwa na tarehe tofauti za kukabidhi kazi, na migongano ikaonekana mapema. Mwongozo mnene hauzuii migongano. Huzuiwa na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kukataa kurasa, na kampuni za midoli huwa hazimwajiri mtu wa namna hiyo.

Kwa Bionicle tunaishauri njia hii kwa jambo moja dogo tu: kuunganisha tahajia. Mwaka 2001 baadhi ya Wamaori wa New Zealand walilalamikia matumizi ya maneno yao, na LEGO ikabadilisha: Tohunga wakawa Matoran, na kufikia 2003 Jala akawa Jaller, Huki akawa Hewkii, Maku akawa Macku. Tumia tahajia mpya kila mahali, hata unaponukuu matukio ya 2001. Hili si la kupigiwa kura.

Mashabiki kujiandikia

LEGO yenyewe ilikuwa ikiwashirikisha mashabiki: vitabu vya mwongozo vya 2005 na 2006, kuhusu wanyama wa Rahi na kuhusu Dark Hunters, viliingiza viumbe vilivyoundwa na washindi wa mashindano. Miaka ya karibuni mashabiki walifufua mtindo huo kwa idhini ya Farshtey, wakapigia kura sura (mwonekano) rasmi za wahusika ambao hawakuwahi kuwa na mdoli, kama Helryx na Artakha.

Kura inafaa kwa sura, haifai kwa msuko. Sura ikichaguliwa vibaya, msomaji anafumba jicho. Msuko ukipigiwa kura kila hatua, kila upande unapata kipande chake na hadithi inapoteza mwelekeo. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hata kwenye sura kuna mtego: washiriki hujenga kwa vipande wanavyomiliki, na wakati mwingine mshindi hukosa kulingana na maelezo yaliyokwisha kuandikwa. Orodhesha kila maelezo ya maandishi kuhusu mhusika kabla ya kutangaza shindano, na yafanye masharti.

Upande wa sheria, msijidanganye kuwa "bure" ni kinga. LEGO ina masharti yanayojulikana kwa kazi za mashabiki: usitumie nembo yake, usiuze, na uandike wazi kwamba kampuni hiyo haifadhili, haijaruhusu wala kuidhinisha kazi yako. Hata hivyo mwaka 2025 mchezo wa kompyuta wa Bionicle: Masks of Power, uliotengenezwa na mashabiki kwa miaka mingi na kukusudiwa kutolewa bure, ulisimamishwa baada ya LEGO kuingilia. Mchezo unaofanana na bidhaa ya dukani huvuta macho haraka kuliko maandishi. Mwenye kutaka kazi yake idumu aandike riwaya, asibuni bidhaa.

Kikundi kinachoanza kifanye kazi ya daftari kwanza:

1. Wekeni ngazi ya vyanzo. Pendekezo letu: riwaya na vitabu vya katuni juu, kisha simulizi za tovuti, kisha filamu (zilifupisha mengi), na majibu ya maswali chini kabisa kama ushauri.
2. Wekeni mahali pa kukatia. Sura ya mwisho iliyotoka 2011 ndiyo salama. Kilichosemwa baadaye kitumike kikisaidia, kiachwe kikizuia.
3. Gawanyeni mafundo katika makundi mawili: yale hadithi iliyoahidi kuyafungua, na mafumbo yaliyowekwa kuipa dunia kina. Ya kundi la pili yaacheni yalivyo. Kila fumbo mnalolijibu hupunguza dunia hiyo.
4. Tangazeni idadi ya sura kabla ya ya kwanza kutoka, na msichapishe mpaka theluthi mbili ziwe zimeandikwa. Miradi ya aina hii hufa sana katikati, mwandishi anapopata kazi au mtoto.
5. Mteueni mtu mmoja wa kusema hapana.

Uchague ipi

Ukiwa unamnunulia mtoto, au unataka kuiona rafu ya duka ikiwa na vinyago tena, unga mkono kuanza upya, ila dai hadithi nzito kabla ya kudai mdoli mzuri. Ukiwa mkusanyaji, wasifu nyuma ya boksi zitakufurahisha. Zisome kama burudani, usizijengee hoja.

Ukiwa msomaji uliyeachwa na Kopaka na Pohatu katikati ya uchunguzi wao, dai kitabu. Ukidai na midoli, unawapa LEGO sababu ya kukataa: vinyago vya zamani vinahitaji kalibu mpya za kumiminia plastiki, na kalibu hulipwa na mauzo makubwa ambayo wasomaji wa simulizi tatu za mtandaoni hawawezi kuyaleta. Mwaka 2023 kampuni hiyo ilipotaka kuikumbuka Bionicle, ilitoa seti ya zawadi namba 40581, Tahu na Takua, iliyojengwa zaidi kwa matofali ya kawaida. Kitabu cha kurasa mia mbili hakihitaji kalibu. Kinahitaji sahihi ya LEGO na kalamu ya Farshtey, na barua ya mashabiki inayoomba hivyo viwili pekee ina nafasi ya kusomwa kuliko ile inayoomba pia filamu, mchezo na Toa sita wapya.